Namba Kumi Kabla ya Namba Mbili

Haya nawaambia mimi mwenyewe, kwa sababu akina mama wauza makaa wa Kibati wameshayatangaza, na wao wanaongeza chumvi.

Kaseti zangu zote zililala chini ya mawe ya volkano iliyofunika nyumba yangu, kwa hiyo nilipopata gari (kuukuu, lakini redio yake ilisoma diski) niliapa kwamba safari hii muziki wangu utakaa kwa mpango. Nikakaa na kompyuta ya kazini, nikapanga nyimbo kwenye diski moja katika mafungu kumi yenye namba, kwani wakati ule wa vita dereva mwenye akili alijua kwamba askari akisikia wimbo wa kwao huinua kamba ya bariyeri barabarani bila hata kuomba sigara. Namba moja ni kwaya, kwa ajili ya Papa Anselme, katekista wa kutoka Bukavu, baba wa mchumba wangu Furaha. Namba mbili, nyimbo za jeshi la serikali, za kupitia bariyeri yao ya Kibati. Tatu mpaka tisa, rumba ya njiani. Namba kumi, mwisho kabisa, nyimbo za waasi, za kule mbele wanakotawala wao. Nikajiona mhandisi.

Siku hiyo nilikuwa nawapeleka Papa Anselme na Furaha kwa shangazi yake Furaha, Rutshuru, na huko ndiko Papa angesema kama ananipa binti au ananinyima, basi mnaelewa nilivyoendesha: polepole, shati limepigwa pasi mpaka ndani, kwaya ikiimba, Papa akitikisa kichwa kwa raha. Tukafika Kibati. Nikabonyeza kifungo cha kuruka fungu, nikingoja namba mbili.

(Hapo ndipo nilipojua kwamba redio haijui kuhesabu. Inasoma namba kama herufi za kamusi: moja, kisha moja yenye sifuri mgongoni, ndipo mbili.)

Waasi wakaanza kuimba, sauti imefunguliwa yote, madirisha wazi, mbele ya askari wa serikali.

"Hii wimbo ni ya nani?" askari akauliza, na bunduki ikageuka kidogo upande wetu.

Nami, mwanamume mzima niliyekuwa njiani kuomba mke, nikasikia mdomo wangu unajibu wenyewe, "Ni ya muzee."

Furaha akanitazama kwenye kioo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na Kibati ardhi hupasuka kweli, lakini siku hiyo ilikataa.

Kamanda wao akatoka kibandani, akainama dirishani, akaanza kucheka. Kumbe kabla ya waasi wengine kuchanganywa katika jeshi la serikali, naye alikuwa mwasi. "Papa, na wewe ulikuwaka na sisi kule Masisi? Shuka, utuimbishe." Yule wa bunduki naye akaanza kupiga makofi, maana naye alitoka kwa waasi hao hao. Papa Anselme akashushwa, akawekwa katikati, akainua magoti kama walivyoinua wao, na kwa kuwa hakujua neno hata moja la wimbo ule, alijaza aleluya kila palipobaki nafasi. Akina mama wakaacha makaa yao wakaja kutazama.

Kamba ikainuliwa. Nikaendesha mpaka Kibumba. Ndipo Papa akajipangusa jasho, akasema, "Mutoto yangu, mutu mwenye kubebaka wimbo ya kila mutu, siku yenye watamuuliza yake, atasema ni ya baba mukwe."

Furaha ndiye aliyecheka kwanza, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoniokoa, maana kwa shangazi Papa alikubali, kwa sharti moja: harusini hakutakuwa na mashine ya muziki, ni kwaya tu. Diski niliivunja. Redio niliing'oa, na mpaka leo naendesha nikisikiliza injini, ambayo angalau haina upande.

Basi siku ya harusi kwaya ikaimba wimbo namba moja, vizuri kabisa, nikaanza kupumua. Kisha mwongozaji akatangaza, "Namba kumi." Na Papa Anselme, mbele ya kanisa zima, akasimama taratibu, akanitazama, akainua goti.