Majani Aliyoyachoma Mama

Mama yangu hakumwamini mtu anayewahamisha wenzake kwa upole. Ziwa lilipopanda na kuingia jikoni kwetu, maofisa walikuja ufukweni na sauti za taratibu. Walisema tutapewa mashamba juu, upande wa Litembo, na maji yakishuka, atakayetaka kurudi atarudi. Mama aliwasikiliza akiwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walipoondoka akasema, "Anayekufukuza hukupigia kelele. Anayekubembeleza ameshapanga usirudi."

Tulipanda mlimani watatu: Mama, mimi niliye mjane, na binti yangu wa darasa la tatu.

Tulipewa mteremko mtupu wenye majani marefu. Jirani yetu, mzee mwenye kahawa nyingi, alikuwa akipita asubuhi njia ya juu na kusimama kidogo akiutazama. Sokoni tulisikia kwamba zamani shamba lile lilikuwa la ukoo wake. Yeye mwenyewe hakutuambia neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtia Mama shaka zaidi.

Mwezi wa tatu tuliamka tukamkuta shambani mwetu na mundu. Alikuwa akikata majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote ukawa na miraba kama wavu. Siku hizi najua kuwa ile ni ngolo. Wamatengo, wenyeji wa milima hii, huyalaza majani hivyo, yakauke kidogo, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika, wakapanda maharage juu ya kingo. Mashimo yanayobaki huyashika maji ya mvua yasibebe shamba. Kulaza majani ni kazi ya mwanamume, na nyumba yetu haikuwa na mwanamume. Lakini siku ile hatukujua. Kwetu ufukweni, mtu akisafisha shamba lako bila kukuomba, ameanza kulichukua.

Mama alisubiri majani yale yakauke, akayakusanya, akayachoma. Moshi ulionekana kijiji kizima. Kisha tukainua matuta ya muhogo kama tulivyozoea, yakielekea bondeni, na mvua ikayateremsha yote hadi kwenye kahawa ya jirani. Alikuja, akautazama udongo wetu miguuni mwa mibuni yake, akaondoka. Tangu hapo hakusimama tena njiani. Tukisema shikamoo, aliitikia akiwa ameshatupita.

Shuleni mwalimu anafundisha Kiswahili, lakini watoto wanacheza Kimatengo. Mwanzoni walimwambia binti yangu kwamba ananuka usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Hakulia. Alijifunza kuwatukana kwa lugha yao, wakamheshimu. Mimi niliishia darasa la saba, nikafurahi kuona mwanangu anashika mambo upesi. Mama hakufurahi. Alimsemesha Kinyasa cha kwetu, mtoto akamjibu Kiswahili. Mwalimu alipowaambia wachore nyumbani kwao, binti yangu alichora nyumba mlimani, moshi na mibuni ambayo hatukuwa nayo.

"Maji yako wapi?" Mama akamwuliza.

"Yako bombani, Bibi."

Nilicheka. Mama aliinuka akaenda nje. Baadaye kila alipomsikia mtoto akicheka na wenzake njiani, aliniambia wanamsema yeye. Nilimwuliza mtoto. Alikana, lakini alichelewa kidogo kukana.

Msimu wa baridi uliofuata, kifua kilimbana Mama. Alijua haponi. Aliniita karibu akasema, "Nirudisheni ziwani. Huku kwenye mteremko nitateleza." Nilimwitikia ndiyo, naye akanitazama kama alivyowatazama wale maofisa.

Alipofariki niliwapigia simu ndugu waliobaki upande wa Kihagara. Walilia, kisha wakaniambia ukweli: makaburi ya chini yameingiwa na maji, na mahali alipolala baba yangu hapajulikani tena. Nimrudishe wapi?

Nikawa nimekaa na swali hilo jirani alipoingia uani, kofia mkononi. Alitoa pole vizuri, kisha akauliza tunamzika wapi. Akasema tukitaka kumshusha ziwani, yeye na wenzake watatafuta gari.

Pengine ulikuwa wema. Lakini huku kaburi ni mzizi. Tukimzika Mama pale, hakuna ambaye angesema tena kwamba sisi ni wapitaji kwenye shamba la ukoo wake. Tukimshusha, tungeonekana tumeanza kurudi. Nilimtazama usoni nikitafuta kama ni wema au ni shamba lililomleta, nisione.

Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamsemesha Kimatengo. Alisema kwa muda, bila kuinua sauti. Mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake na kutoka.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia Bibi anabaki."

Maneno niliyoyasikia yalikuwa mengi kuliko hayo. Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa nimeshajua kwamba sina pengine pa kumpeleka Mama, na kwamba mtoto amelitamka jambo ambalo mimi nisingethubutu.

Wanaume walikuja na majembe. Katekista alisali, tukamfukia Mama nyuma ya nyumba, mahali ambapo mteremko si mkali sana. Watu walipoanza kutawanyika, jirani alibaki. Alipanda juu kidogo, akarudi na mzigo wa majani begani, akautua kando ya udongo mpya.

"Mvua za Desemba zitaubeba huu," alisema. "Niyalaze, au mtayachoma?"

Kuna waliocheka chinichini. Yeye hakucheka, alikuwa akinisubiri mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kutuomba.

"Laza," nikamwambia.

Aliyalaza kulizunguka kaburi pande zote nne, akayakanyaga, akayafunika kwa udongo kwa mikono yake, ingawa hiyo kwao ni kazi ya wanawake. Nilimtazama ile mikono mpaka alipomaliza.