Meza ya Usawa Mlangoni

Pale hospitali ya serikali walimzoea kwa jina la Mama Gizani, na jina hilo hakulichukia. Surua ilimpofusha akiwa darasa la tatu, na utu uzima wake wote aliutumia kusafisha filamu za eksirei katika chumba kisichoruhusu hata mwanga wa tundu la ufunguo. Mle ndani wenye macho ndio waliopapasa ukuta. Yeye alipita katikati ya mabeseni ya dawa akiimba chini chini, na hakuna aliyempa pole.

Kisha zikaja mashine za kompyuta. Chumba cha giza kikatobolewa dirisha, kikawa stoo. Mama Gizani akawa anasubiri kuachishwa kazi, lakini badala yake akaitwa na katibu wa hospitali, kijana mwenye sauti laini na manukato yaliyomtangulia kila alikokwenda.

"Mama, tumekuchagua uwe mratibu wa usawa. Mgonjwa yeyote anayebaguliwa, iwe kwa ulemavu, kabila, dini au umaskini, atakuja kwako."

"Akishakuja, mimi nina uwezo gani?"

"Utaniletea mimi."

"Na wewe je?"

"Tutashirikiana, mama."

Neno hilo hakuliamini. Jioni alimsimulia mdogo wake aliyeishi naye, mwanamke asiyeweka neno akiba.

"Dada, mshahara upo?"

"Upo."

"Sasa unatafuta nini tena?"

"Natafuta sababu. Wangeweza kunirudisha nyumbani, wakanipa meza. Kwa nini?"

Meza yenyewe waliiweka karibu na mlango mkuu, juu yake kibao kilichoandikwa USAWA. Hakuna aliyeleta malalamiko. Walikuja wanaoulizia choo. Ila wageni hawakukosekana: alisikia viatu vipya, sauti ya katibu ikipanda kidogo, "Na huyu ndiye mratibu wetu," halafu mlio wa kamera. Walipokuja mara nyingine tena, alimwita msafishaji wa pale ukumbini.

"Mwanangu, niambie kweli. Mtu akiingia hapa, anaona nini kwanza?"

Msafishaji alisita. "Anakuona wewe, mama. Wamekuwekea na maua."

"Maua gani?"

"Ya plastiki."

Mama Gizani alipapasa hadi akayapata, akayatia kwenye droo. "Shika upande huo," alisema. Wakaiburuta meza mpaka kwenye korido ya dirisha la dawa, mahali ambapo watu waligombana kuliko pengine popote.

Alikuwa bado hajatulia kitini pale mkono wa mtu ulipomshika wake bila hodi. Akauvuta, akidhani ni mwizi wa pete. Mkono ule haukumwachia. Ulimfungua kiganja, na kidole kikaanza kuchora juu yake, taratibu, kikirudia. Alihitaji muda kutambua kwamba zile ni herufi, zile zile alizofundishwa kabla ya surua. SISIKII. NANGOJA TANGU ASUBUHI.

Alikuwa mshonaji nguo, kiziwi, amefuata dawa ya presha. Mtoa dawa aliita majina kutoka ndani ya dirisha, na asiyeitika cheti chake kilirudishwa chini kabisa.

"Huyo mama namwita, ananikodolea macho tu," mtoa dawa alijitetea. "Nilijua ana kiburi."

Mama Gizani akajiuliza kama katibu ndiye aliyemtuma mwanamke huyu kumpima. Hata hivyo, mshonaji alipopata dawa, alimshika mkono wakaenda wote ofisini.

"Hilo ni dogo," katibu alisema. "Tutaweka skrini ya namba."

Alikubali upesi mno, kama muuzaji anayejua kasoro ya bidhaa yake, na Mama Gizani alirudi mezani akiwa na wasiwasi zaidi. Siku zilipita kimya, mpaka akaamini amedanganywa. Ndipo mafundi wakaja, skrini ikafungwa. Namba ziliwaka bila sauti. Akarudi ofisini.

"Yule sasa anahudumiwa. Mimi nikiugua, nitaionaje namba yangu?"

Mtoa dawa akaamriwa kuita namba kwa sauti pia. Alinung'unika, akazoea.

Haukupita muda katibu alikuja na mpiga picha. "Mama, picha moja tu ya gazeti."

"Uliniweka pale mlangoni ili nipigwe picha?"

Manukato hayakuondoka.

"Mwanzoni, ndiyo," katibu alisema. "Wakaguzi kutoka wizarani walikuwa njiani."

"Na sasa?"

"Sasa wagonjwa wanakuulizia wewe. Hata nikitaka kukutoa, siwezi."

Alimsogelea kwa sikio, akitafuta uongo katika pumzi zake. "Basi mpe kiti yule mshonaji, kwa mshahara. Kuna mambo mengi hapa siyaoni. Ukishampa, piga picha zako."

Safari hii katibu alikaa sana kabla ya kukubali, na kwa sababu hiyo Mama Gizani alimwamini kidogo.

Mshonaji alianza kazi. Asubuhi moja alichora kiganjani kwamba katibu amesimama mwisho wa korido, anawatazama, anatabasamu.

Mama Gizani alichukua kiganja cha mwenzake, naye akachora: TABASAMU GANI?

Mshonaji alitazama tena mwisho wa korido. Mwishowe kidole kikaandika: SIJUI BADO.

Mama Gizani alitikisa kichwa kukubali, akamgeukia mgonjwa aliyekuwa akisubiri mbele yao.