Leo nimemwingiza mzee wangu kwenye historia ya dunia

Leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya Mzee Ochieng.

Mwalimu mkuu wa shule moja hapa Obunga alinipa, mimi mwandika mabango, ubao niandike siku za kukumbukwa wiki hii: wachoraji wakubwa, wanasayansi, nani alizaliwa lini.
Mwandiko wangu mnaujua. Sijisifu.
Sawa, najisifu.

Alhamisi ilikuwa tupu. Nikajaza mwenyewe, kwa herufi ndogondogo:
"Mzee Ochieng apaka rangi boti yake ya kwanza, Asembo Bay."

Na ni kweli! Ilikuwa wiki kama hii, kila mwaka anatukumbusha. Ndiye alinishikisha brashi nilipoacha shule darasa la saba.

Mwalimu akaisoma mbele ya watoto. Akanigeukia.

"Kijana, huyu aligundua nini?"

Omera, ndugu yangu, nikamjibu tu:
"Alinigundua mimi, Madam."

Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Futa."

Nikachukua kitambaa, roho chini.

"Halafu uandike tena. Wenzake umewapa herufi kubwa, yeye mbona ndogo?"

Asante, Madam. Asante sana, Mzee wangu.

Na wewe, nani alikugundua? Mwandike hapa chini, kwa herufi kubwa.