Aliyekiri kwa Karatasi Asiyoijua

Pale mahakamani wakili huyu walimwita Mama Pingamizi. Miaka kumi na minne akitetea watu, hakuwahi kumchukia mteja kama alivyomchukia huyu fundi wa kuchomelea, aliyeshtakiwa kwa kuteketeza karakana ya bosi wake wa zamani. Alikuwa na domo chafu, na kila swali kwake lilikuwa tusi.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu: maelezo ya kukiri, yenye saini yake.

"Isome, uniambie uongo uko wapi," wakili alimwambia, akampa karatasi.

Kesho yake fundi akairudisha. "Nimeisoma yote. Wamenizushia!"

Wakili akaitazama, damu ikamchemka. Alikuwa amempa kimakosa karatasi ya mteja mwingine, kesi ya talaka.

"Hujui kusoma."

Fundi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Ukilisema hilo mbele ya binti yangu, sikujui! Kila jioni nakagua daftari zake."

Basi wakili akajaribu kupita njia nyingine. Mahakamani alimbana askari aliyeandika yale maelezo.

"Aliyasoma mwenyewe, mheshimiwa," askari alimjibu hakimu, mkavu. "Kwa sauti, bila kukwama."

Wakili akamwita fundi atoe ushahidi. Fundi alipopanda kizimbani, akamkabidhi karatasi ya yale maelezo. "Isomee mahakama mstari wa kwanza."

Fundi alimkazia macho. Kwenye benchi la mbele, binti yake alikuwa ameinuka nusu.

"Soma."

"Sijui kusoma!" alifoka, akapiga ngumi ukingo wa kizimba. "Mmeridhika? Sijui!"

Hakimu aliyatupilia mbali yale maelezo, na kesi ikafa papo hapo.

Nje, wakili alinyoosha mkono. Fundi hakuupokea.

"Umenivua nguo mbele ya mwanangu. Bora ungeacha nifungwe."

"Miaka saba? Kwa ajili ya aibu?" wakili alimfokea, watu wakageuka. "Mpumbavu wewe! Anayepaswa kuona aibu ni yule askari!"

Alirudi ofisini akaandika malalamiko dhidi ya askari, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika, akaanza upya. Ilihitajika saini ya fundi. Akatuma mtu amwite; hakuja.

Siku ya tisa fundi aliingia bila salamu, akavuta kiti.

"Nisomee. Neno kwa neno, usiruke."

Wakili alisoma. Fundi akamwambia arudie. Akarudia. Ndipo akaomba kalamu.