Mia Tatu na Mbili

Kila mwaka bahati nasibu ya kushindania bunduki ilipofika, Verna Rishel hakukosa udhuru. Mara pochi ameisahau nyumbani, mara mikono imejaa unga, mara yeye na bahati hawajawahi kusalimiana. Watu wa mji ule wa Pennsylvania hawakumsumbua. Zimamoto yao ni ya kujitolea, mipira ya maji hununuliwa kwa fedha za bahati nasibu hiyo, na Verna ndiye aliyewapikia pirogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, na kabichi ya kukaanga mpaka wakalamba vidole. Asiponunua tiketi, basi.

Sababu yenyewe ilikuwa moja tu, na ilikuwa na namba. Huko, mtu akipelekwa kwa nguvu kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, hupelekwa kwa kifungu cha sheria cha mia tatu na mbili, na tangu siku hiyo haruhusiwi kuwa na bunduki. Mtaani namba hiyo ni tusi la mchezo. Mtoto akipanda juu ya paa, mama yake humwita mia tatu na mbili. Jirani akinunua gari bovu, naye ni mia tatu na mbili. Verna hucheka pamoja nao, kisha hukasirika njia nzima akirudi nyumbani.

Alipelekwa akiwa binti, katika wilaya nyingine. Alikuwa akimsikia marehemu baba yake, mchimba makaa, akimwita kutoka kwenye tanuru la makaa, mpaka siku moja akatoka peku kwenye theluji kumtafuta mgodini. Hakumgusa mtu. Kilichopotea kwa baridi ni vidole viwili vya mguu, navyo vilikuwa vyake mwenyewe. Tangu hapo anameza vidonge kila asubuhi kwa kahawa. Ameolewa, amezika mume, amestaafu kiwanda cha mashati. Mume alijua, akafa na siri ya mkewe.

Jumapili ile ya bahati nasibu, wiki ilikuwa mbaya. Mtu alikuwa ameua watoto shuleni, jimbo la mbali, na jikoni kwa zimamoto hapakuwa na habari nyingine.

"Mimi nasema waandikwe," alisema Patsy, mke wa mkuu wa zimamoto, akikata vitunguu. "Vichaa wote. Majina yabandikwe posta."

"Wakishabandikwa?" Verna akauliza.

"Watu wajue wa kumkimbia!"

"Wengi wao hawajawahi kuua hata nzi, Patsy."

"Wewe huruma itakuua, shoga."

Verna akaishambulia kabichi kwa kisu chake, kile chenye mpini wa mbao alichokuja nacho miaka yote. Vidonge alishazoea kuvimeza. Maneno ndiyo yaliyomkwama, na alikuwa amechoka, amechoka kweli, kuyateremsha.

Ndipo akasikia jina lake likiitwa ukumbini.

Duane, mkuu wa zimamoto, mtu mwema asiyejua kunong'ona, alikuwa amesimama jukwaani na tiketi mkononi. "Verna Rishel! Umeshinda bunduki! Njoo huku, mama wa pirogi! Nimekununulia mimi mwenyewe, usije ukasema hatukukumbuki!"

Watu wakapiga miguu sakafuni. Mezani alikaa mwenye duka la bunduki, simu tayari. "Kitambulisho tu, mama. Napiga simu serikalini wakague jina lako, wakisema sawa unaondoka nayo."

"Mpeni mwingine," Verna alisema. "Mimi sina kazi nayo."

"Thubutu!" Duane akacheka. "Kulungu wanakumalizia maua bustanini kila mwaka, halafu huna kazi nayo? Shika tupige picha!"

"Ver-na! Ver-na!" ukumbi ukaitikia.

Akamtazama Duane na uso wake wa furaha, akatamani kumzaba kofi. Angeweza kudanganya na kutoa kitambulisho, simu imuumbue mbele ya wote. Angeweza kutunga udhuru mwingine. Hakuwa na mwingine.

"Sipewi bunduki mimi," akasema. "Mimi ni mia tatu na mbili."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hapa sote ni mia tatu na mbili, mama!" mtu akapaza sauti.

"Sifanyi mzaha! Nilipelekwa. Na polisi, kwa nguvu. Pigeni simu muwasikie!"

Kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine. Duane akawa mwekundu, akaikunja ile tiketi mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

"Basi," akasema, "tuchote nyingine."

Ikatoka ya Rex Fetterolf. Rex ndiye aliyemwelekezea jirani bunduki kiangazi kilichopita kwa ugomvi wa uzio, na mkewe huvaa miwani ya jua hata kanisani. Mji mzima unajua, na hakuna aliyewahi kumshitaki. "Hasira tu zile," husema watu. Mwenye duka akapiga simu, akasikiliza, akainua dole gumba.

"Safi kabisa!"

Wakampigia makofi.

Verna akarudi jikoni. Ndoo ya kabichi ilikuwa palepale, kisu hakipo. Patsy alisimama ameipa mgongo droo.

"Kisu changu kiko wapi?"

"Pumzika, shoga. Nitakata mimi."

"Nani atakaanga yote haya? Nipe kisu, Patsy."

"Nimesema pumzika tu, mpenzi," Patsy akajibu polepole, kwa sauti ambayo watu humsemesha nayo mbwa wasiyemjua.

Verna alitaka kupiga kelele, lakini alijua kelele hizo zingeitwa nini. Akavuta ndoo, akaketi, akaanza kuichana kabichi kwa mikono, jani moja moja. Kutoka uani, kupitia mlango wa nyuma, Rex alisikika akiuliza nani ana risasi aijaribu bunduki yake, na Duane akamjibu kwa sauti kubwa kwamba zipo kwenye gari lake, ajichukulie.