Mkulima Mmoja wa Ilongero

Baba alinipigia asubuhi kutoka kwetu kijijini Ilongero, ndiyo kwanza naingia zamu kwenye redio yetu ya mjini Singida. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Ng'ombe wa jirani wamemaliza alizeti yangu! Tangaza saa saba. Sema ni mvamizi, tena amefanya makusudi. Vijana wa kijiji wako hapa na fimbo zao, wanasubiri kusikia."

Jamani! Nilishika kichwa. Alizeti ile ndiyo tegemeo la nyumba yetu, na hasira zilinipanda kuliko hata zake. Kabla sijakaa nilikuwa nimeshaandika "mvamizi." Kisha nikaziwaza zile fimbo. Nikafuta, nikampigia jirani mwenyewe.

"Mwanangu, fisi waliingia bomani usiku," alisema. "Wamekula ndama. Ng'ombe kwa woga wakavunja boma, wakakimbilia shambani kwenu. Nimeenda kumweleza baba yako, kanifukuza sijafungua hata mdomo."

Saa saba nikasoma. Ng'ombe wameharibu alizeti ya mkulima mmoja wa Ilongero. Mkulima anasema mwenye ng'ombe alifanya makusudi. Mwenye ng'ombe anasema walikimbia fisi. Basi.

Simu ikaita hapohapo.

"Mkulima mmoja? Mkulima mmoja ndiyo nani? Mimi niliyekuzaa?" Akaniambia nisikanyage kwake, akakata. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni mama akanisimulia. Vijana waliposikia habari ya fisi walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe, hadi mmoja akasema twende kwanza tukaangalie hilo boma. Wakakuta miti imelala chini na mabaki ya ndama. Wakaweka fimbo pembeni, wakakata miiba, wakamsaidia mzee wa watu kuziba. Baba alibaki barazani, kanuna.

Na mimi alininunia siku nyingi. Kila simu ikiita niliirukia, kumbe siyo yeye. Mpaka siku moja ikawa yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Nyuma yake nilisikia majembe, na watu wakicheka. "Jirani kaja na wanawe. Tunapanda upya, mvua bado ipo."

"Alhamdulillahi, baba."

Akakohoa kidogo.

"Sasa huyu mkulima mmoja wa Ilongero anauliza: Jumapili unakuja nyumbani, au huji?"