Siku Niliposafisha Nyumba ya Kalunguyeye

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natafuta pa kuficha uso. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya usiku, na cheti changu nilishawaonyesha watu wote wa Mkonze pamoja na mbuzi wao. Nikapata kazi kwenye kituo cha mazingira pale mtaani. Eneo lake zamani lilikuwa korongo la kutupia takataka. Wenyeji wakaliacha lipumzike ili nyasi na wanyama wadogo warudi, na watoto wa shule waje kujifunza. Kina mama walizuia mbuzi wao wasilishwe humo, hata kiangazi kile ambacho mbuzi walitafuna kamba na kandambili.

Na wanyama wakarudi kweli. Kalunguyeye, kale kanyama ka miiba kanakoenea kiganjani, akazaa humo. Watoto wakaahidiwa kuja kumwona.

Asubuhi ya siku waliyopangiwa, tukasikia mgeni mkubwa naye anakuja kutoka mjini. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhewa, akaniambia, "Fagia njia tu, kutoka langoni hadi bandani."

Njia tu! Mimi, mhitimu? Nilifagia mpaka ardhi ikang'aa kama kipara cha bwana harusi. Si unatujua, uwanja wenye majani ni aibu ya mwenye nyumba. Kwenye kona palikuwa na lundo la matawi makavu, nikaliona uchafu. Kalunguyeye nilijua yupo; anakolala sikuwahi kuuliza. Nyumba usiyolala ndani, huijui ila yake. Nikalipiga lundo teke, nikangoja. Hakikukimbia kitu. Nikawasha kiberiti.

Mzee Mhewa alikuta majivu. Akayapekua kwa fimbo, akamwona mama amejiviringisha kama mpira, na watoto ubavuni.

"Kalunguyeye akiogopa hakimbii, hujikunja," alisema. "Alikuwa anangoja uondoke."

Kabla sijajibu, watoto wa shule wakaingia. "Shikamoo mwalimu! Kalunguyeye yuko wapi?"

Mdomo ukanitangulia. "Marahaba! Amekwenda harusini Chamwino, kajaza familia nzima kwenye bajaji!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Mhewa hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Kijana, hawa watamngoja arudi. Mama zao walifunga mbuzi kwa ajili yake. Rudi ukawaambie."

"Mzee, wewe ndiye wanakuheshimu..."

"Kwani kiberiti nilishika mimi?"

Nikarudi. Mimi niliyezaliwa nikiongea, wakunga wakaomba nipumzike, siku ile nilipata sentensi moja tu. Nikawaambia nimemchoma, yeye na wanawe. Kicheko kikakatika. Binti mmoja akaniuliza polepole, "Ulimchoma kwa sababu ya mgeni?"

Nikasema ndiyo.

Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimuunguza mwenyeji mwenyewe, kalunguyeye. Na mgeni alipofika akasifu usafi, akanipa mkono mbele ya watoto walewale. Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukikabidhiwa mahali, kabla hujashika ufagio uliza nani anaishi pale, maana unachokiona uchafu huenda ni kitanda cha mwenzako. Asiyekimbia usidhani hayupo. Hata binadamu wapo wanaojikunja tu wakiumizwa, wakingoja uondoke. Na ukikosea, usiwape watu kichekesho wakati wanakudai ukweli. Mzaha naupenda kuliko nyama ya mbuzi, lakini mzaha ni mchuzi. Ugali ni ukweli, na mchuzi mtupu haumshibishi mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kumwona aliyejificha, na ulimi usiokimbia kosa lako. Mvua ya kwetu ni chache. Ikinyesha, ikukute umeacha pa kuishi wengine.